Sauti Mbichi ya Yaya Zaina

Jumatatu, 2 Oktoba

Jua limechelewa, batri nusu. Wachimbaji watatu kutoka Lusangi wameleta wimbo. Wanataka sauti ya roboti. Mwaka huu kila mtu anataka sauti ya roboti, hata wanaojua kuimba. Nimevuta kinyoosha sauti mpaka mwisho, mwangwi juu yake, kompresa ya kukandamiza sauti juu ya mwangwi, na mwangwi mwingine. Kompyuta ikaanza kukwama. Nikapika.

Siku zote napika. Efekti zote zinaingia ndani ya sauti, linakuwa faili moja, kompyuta inapumua. Kisha nafuta ile mbichi, maana disiki haina nafasi. Mwalimu wangu wa Bukavu angenipiga kofi. Yeye alisema sauti ya asili haiguswi, efekti zikae pembeni, uweze kuzizima siku yoyote unayotaka. Bon. Yeye alikuwa na disiki nne na umeme wa kutwa.

Wachimbaji wamefurahi. Wameondoka wakiimba kwa pua.

Mchana, ujumbe wa Yaya Zaina, dada yangu mkubwa, kutoka Kabambare. Binti yake Neema anaolewa Jumamosi ya tarehe 28. Nimecheka peke yangu mbele ya mashine kwa furaha. Kisha nusu ya pili ya ujumbe. "Siku hiyo sitaweza kuita majina, wewe unajua. Tutaweka sauti yangu kwenye spika, pale mlangoni. Si ile ya redio. Ile mbichi. Iko?"

Nimejibu: "Iko, Yaya."

Mkono umeandika kabla kichwa hakijafika. Sijaangalia. Kesho nitaangalia.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimefungua ile kazi ya mwaka jana. Kompyuta imeniletea maandishi mekundu: faili halipatikani. Efekti zote zipo, zimepangwa moja juu ya nyingine, kila kitufe mahali nilipokiacha. Sauti hakuna. Vyungu vimejaa jikoni na hakuna hata punje ya mchele.

Efekti kumi na moja. Nimezihesabu leo kwa mara ya kwanza. Kisafisha kelele, kikata pumzi, kinyoosha sauti, mbili za kuongeza unene, kompresa mbili, na nyingine ambazo sikumbuki hata niliziweka kwa nini. Mwisho, mwangwi ule unaoitwa Kanisa Kubwa. Sauti ya mwanamke wa Kabambare, mtoto wa imamu, nikaitia kanisani.

Niandike ilivyokuwa, nisije nikajidanganya baadaye. Kwetu bibi harusi havuki kizingiti cha baba yake mpaka mama yake amwitie majina tisa. Bibi zake, wa mbali kwanza, wa karibu mwisho, na la tisa ni jina la mama mwenyewe. Kwa pumzi moja. Pumzi ikikatika, anaanza upya. Wengine wanaanza upya mara nne, watu wanacheka, bibi harusi anasimama na jasho lake. Yaya Zaina hakuwahi kuanza upya. Alikuwa anaombwa hata na nyumba nyingine, mama mwenyewe akiwa mgonjwa au marehemu. Pumzi yake ndefu, na chini ya sauti kulikuwa na mkwaruzo, kama unga usiochekechwa.

Mwezi wa tano mwaka jana alikuja Kasongo sokoni. Rovu, ule uvimbe wa koo, lilikuwa limeanza kuonekana shingoni, alilificha kwa kitambaa. Mimi ndiye niliyemwomba. Yaya, njoo niiweke sauti hiyo. Mvua ilikuwa inapiga bati. Aliita mara moja tu, majina tisa, pumzi moja. Nywele zilinisimama. Akanywa chai akaenda zake. Nami nikakaa kuirekebisha.

Kuirekebisha! Nani aliniambia imeharibika?

Jumatano, 4 Oktoba

Haipo. Disiki zote mbili, simu ya zamani, kompyuta ya zamani isiyo na kioo. Haipo.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimeswali, sikusikia hotuba.

Nilikuwa nafikiri juu ya ile simu ya mwaka jana. Redio ilicheza wimbo wangu wenye sauti ya Yaya, mimi nikajiona mkubwa. Yaya aliusikia jikoni kwake, akanipigia. "Huyu ni nani?" Nilidhani anatania. Alikuwa hatanii. Shangazi Mayasa, dada wa baba, ambaye sheria zote za ukoo ziko kwake, alisema nyuma ya simu kwamba mwanamke huyo anawaita bibi zetu kama mgeni anayesoma barua. Alikuwa na haki. Majina yetu yanapanda na kushuka katikati, mahali ambapo kinanda hakina kitufe, na kinyoosha sauti kilikuwa kimeyasukuma yote yakae kwenye vitufe. Nilijua. Nilisikia siku ileile. Nikaona ni usafi.

Nikawajibu kwamba watu wa Kabambare hawajui muziki. Maneno hayo niliyasema mimi, Amisi, na mdomo huu.

Miezi minne baadaye rovu likaanza kumkaba, ikabidi apasuliwe. Daktari alimwambia mapema kwamba mshipa wa sauti unapita palepale, unaweza kuguswa. Aliamka mzima, anameza vizuri, hana maumivu. Ila sauti haikurudi. Ananong'ona tu tangu siku ile. Nilimpigia, yeye hawezi kujibu, nikasema peke yangu muda mrefu. Nikamwambia usilie, Yaya, sauti yako mimi ninayo.

Ndiyo maana ameniomba. Ameamini.

Jumapili, 8 Oktoba

Nimejaribu kuipikua, kuirudisha mbichi. Siku nzima.

Nimechukua ile ya redio, ndiyo pekee iliyobaki. Nimepunguza mwangwi kwa efekti ya kupunguza mwangwi. Imetoka sauti ya mtu aliyefunikwa na sufuria. Nimejaribu kurudisha mawimbi ya majina kwa mkono, nukta moja moja, kwa kukumbuka. Nafika jina la tatu nasahau alivyokuwa anashuka. Nasikia ya kwangu, si yake. Pumzi ndiyo imeniumiza zaidi. Mwanzoni alivuta pumzi kubwa ambayo unaisikia mpaka tumboni. Kikata pumzi kiliikata. Sasa anaanza tu, kutoka hewani, kama mashine.

Mwajuma mke wangu ameniletea chakula akasimama mlangoni. Anajua yote, ana masikio. Amesema majuto ni mjukuu. Nimemwambia aondoke na methali zake. Amesema, "Baba Rama, mwambie dada yako leo. Kesho itakuwa nzito zaidi." Ameondoka na chakula chake pia.

Ningemwambia leo.

Sikumwambia.

Jumanne, 10 Oktoba

Redioni wanayo ileile iliyopikwa. Mtangazaji amenisifu kwa kazi safi. Nimetoka bila kuaga.

Kadi ya kile chombo nilichomrekodia Yaya nimeikuta ndani ya kopo. Ndani kuna magitaa ya wachimbaji, saa tatu za magitaa, yamelala juu ya kila kitu kilichokuwapo.

Neema ameandika pia. "Mjomba, mama anasema usisahau. Kila siku ananiuliza kama umetuma." Nimejibu kwamba nasafisha kidogo. Eti nasafisha!

Alhamisi, 12 Oktoba

Leo nimefanya kitu kibaya, na nimekifanya vizuri.

Salima, binti wa mama mdogo, anaishi hapa Kasongo, nyuma ya soko. Damu moja. Sauti yake inafanana na ya Yaya, ila changa. Majina anayajua, kila msichana wa kwetu anayajua. Nimemwita studio nikamwambia najaribu mikro mpya. Ameita majina tisa. Pumzi ilikatika mara mbili, ya tatu ikafika. Ameuliza, "Hii ni ya nini, kaka?" Ya majaribio, nimesema. Ameridhika, ameenda zake sokoni.

Kisha nikaketi. Nimempunguzia wembamba wa juu. Nimemwongezea mkwaruzo kwa ile efekti ya kuchafua magitaa, kidogo sana, robo ya kitufe. Nimemshusha nusu ya nusu ya sauti. Miaka kumi na tano yote ninajifunza efekti, na leo ndiyo kazi yangu bora kabisa. Nilifumba macho nikamwona Yaya.

Nilipofumbua nikaona haya.

Jumamosi, 14 Oktoba

Ilikuwa imekosa mvua. Yaya anakumbuka kwamba siku ile kulikuwa na mvua. Nimekaa dirishani na mikro tangu saa sita kusubiri inyeshe. Saa tisa ikanyesha. Nimeirekodi kwenye bati, nimeitandika chini ya sauti ya Salima. Sasa imekamilika.

Mwajuma haongei nami.

Nikataka kuituma. Simu ikaita kabla. Neema. Wanakuja wenyewe, yeye na mama yake, kununua vitenge vya harusi. Yaya anataka kuisikia hapahapa, kwa kasike masikioni, kwanza yeye peke yake. Wanatoka Jumatatu.

Nimesema karibuni sana.

Jumatatu, 16 Oktoba

Wamelala Lusangi, barabara imekuwa tope na pikipiki mbili zimeanguka. Neema ameandika kwamba hakuna aliyeumia, ila mama ametapakaa matope mpaka kitambaani na anacheka bila sauti. Nimesoma mara tatu. Anapanda pikipiki siku mbili, kwenye mvua, kuja kusikia uongo wangu.

Bado naweza kupiga simu. Simu iko hapa mezani.

Jumatano, 18 Oktoba

Amekuja. Amekonda. Kovu ni jembamba, limekaa vizuri, kazi safi. Amenishika mashavu kwa mikono miwili kama nilipokuwa mdogo. Neema na Mwajuma wameenda sokoni. Tumebaki sisi wawili na feni.

Nilikuwa nimepanga kusema. Wallahi nilikuwa nimepanga. Lakini alikaa kwenye kiti kilekile, akafunga kitambaa vizuri kama anayekwenda kupigwa picha, akaweka kasike masikioni mwenyewe, akafumba macho. Akanyoosha kidole: anza. Nikaanza.

Jina la kwanza, hakusogea. La pili, akatabasamu. La tatu, akavua kasike akaiweka juu ya meza taratibu.

"Anaita vizuri," amenong'ona. "Huyu ni nani?"

Swali lilelile la mwaka jana. Ila mwaka jana alikuwa na hasira, na leo alikuwa na upole. Hapo nikavunjika. Nimemwambia ni Salima. Nimemwambia ya kwake niliipika, nikafuta mbichi, nikapeleka redioni kitu kingine chenye jina lake. Nimemwambia ya mvua, ya dirishani, yote. Nimemwambia sikumuuliza.

Nikamsikia akipumua. Kisha akaniambia maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Daktari aliniuliza kwanza, Amisi. Alinionyesha kwa kidole mahali atakata."

Akasimama. Akachukua mkoba wake. Hakubamiza mlango. Amekwenda kulala kwa akina Salima.

Ningetaka anitukane.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimefuta ile ya Salima. Hiyo nimeifuta bila kuumia.

Sikufungua studio.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mwajuma amekwenda kumsalimia Yaya. Amerudi. Amesema Yaya anapika pamoja nao, anatwanga, anapima vitenge. Hakunitaja. Neema analia, anasema basi avuke kizingiti kimyakimya. Yaya amekataa. Haiwezekani, ameandika kwenye simu kwa herufi kubwa.

Shangazi Mayasa atasema nini? Mama mwingine anaweza kuita kwa niaba ikiwa mama ni mgonjwa. Lakini Yaya si mgonjwa. Yuko mzima, anatwanga. Anataka kumtoa mtoto wake kwa sauti yake mwenyewe, na sauti hiyo ilikuwapo duniani mahali pawili tu, kooni mwake na hapa kwangu.

Jumamosi, 21 Oktoba

Naandika haraka, nisisahau hata neno.

Asubuhi nimefungua studio kwa sababu mwalimu wa kwaya alinisubiri tangu juzi. Kurekodi kwao kuna mlio wa jenereta. Nikafungua kisafisha kelele. Chombo hiki hakijui kelele ni nini mpaka ukionyeshe, yaani unakipa kipande chenye kelele tupu, kabla mtu hajaimba, kinajifunza, halafu kinaitoa kote. Na kila kipande unachokipa, kinajiwekea akiba kwenye folda lake. Sijawahi kulifungua folda hilo. Nani anafungua pipa la takataka? Leo nililifungua kutafuta kelele ya jenereta nyingine ya zamani.

Vipande sitini na kitu. Feni, jenereta, jogoo, feni, feni. Kimoja kimeandikwa mvua, mwezi wa tano, mwaka jana.

Nimekibonyeza. Mvua juu ya bati. Kiti kinalia. Mtu anakohoa kidogo. Kisha pumzi, ile pumzi, mpaka tumboni. Kisha Yaya, kwa sauti ya chini, anajipasha moto tu: Kalunga, Feza, Mwavita. Hajanyooshwa, hajakandamizwa, mkwaruzo wote upo. Anashuka pale kwenye Mwavita namna ile ambayo Jumapili ile nzima nilikuwa naitafuta kwa nukta.

Halafu sauti ya mwanaume. Kubwa, karibu na mikro, ya mtu anayejua kazi yake: "Ngoja, Yaya. Bado. Hiyo haihesabiwi."

Na yeye: "Haya."

Basi. Mwisho. Sekunde kumi na nne. Nilikuwa nimekipa chombo kila kilichotangulia majina yenyewe, kama kelele.

Mwalimu wa kwaya ameniuliza kama naumwa. Nimemwambia arudi wiki ijayo.

Jumamosi iliyopita nilikaa dirishani saa tatu nzima kusubiri mvua. Mvua yenyewe ilikuwa humu ndani.

Jumapili, 22 Oktoba

Nimekwenda kwa akina Salima na kompyuta begani, kama muuza maandazi. Yaya alikuwa uani anachambua mchele. Kwanza nilimwomba ruhusa. Nimesema, Yaya, nimepata kidogo, ni majina matatu tu, na mimi ndiye niliyekukata, unataka kusikia au hutaki? Amefikiri. Ameosha mikono. Amekubali kwa kichwa.

Amesikiliza mara tatu. Mara ya kwanza aliweka kiganja kooni, juu ya kovu. Mara ya pili Neema alisikiliza pamoja naye, sikio moja moja, akalia tena, kilio kingine. Mara ya tatu Yaya hakufumba macho. Aliniangalia mimi mpaka mwisho.

Nikaanza kusema, maana mimi sijui kunyamaza, nitapunguza mvua kidogo, nitanyanyua sauti, na pale mwisho nitaikata sauti yangu, haitasikika kabisa. Ameweka mkono juu ya kompyuta.

"Usiguse," amenong'ona. "Hata yako. Iache."

Nimemwambia itaniaibisha mbele ya ukoo wote.

Amerudi kwenye mchele wake.

Alhamisi, 26 Oktoba

Kabambare. Siku mbili za pikipiki, spika mgongoni, kompyuta ndani ya plastiki tumboni. Nimeanguka mara moja, upande wa spika, sikujali mguu. Spika inalia vizuri.

Shangazi Mayasa amenipokea kwa salamu zote, moja moja, mpaka watoto wangu na kuku wangu. Ya wimbo hakuuliza. Naona Neema amemwambia. Wanawake wakiniona jikoni wananyamaza, wananipa kiti, wananipa chai. Heshima yao inawasha kuliko pilipili.

Jumamosi, 28 Oktoba

Nimekaa pembeni ya nyumba niandike sasa hivi, watu bado wanakula.

Nimefunga spika juu ya mlango. Nimezima kila kitu. Hakuna kompresa, hakuna mwangwi, hata ikwalaiza ya spika nimeirudisha katikati. Neema akatoka chumbani amefunikwa, akasimama ndani ya kizingiti. Wanawake nje, nusu duara. Shangazi Mayasa kwenye kiti mbele. Yaya mkabala na binti yake, ana mikro mkononi, mimi nilimpa bila kujua ataifanyia nini. Alinipa ishara.

Nikabonyeza.

Mvua ikanyesha pale uani kwenye jua kali. Watu wakatazama juu. Kiti kikalia. Pumzi. Kisha Kalunga. Kuna mwanamke nyuma aliyesema kwa sauti, "Zaina huyo!" Feza. Mwavita. Wakaanza kulia kabla hajamaliza kushuka.

Kisha mimi. "Ngoja, Yaya. Bado. Hiyo haihesabiwi."

Nilitazama miguu yangu. Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Spika ilikuwa inavuma tu. Mwanamke mwingine akauliza polepole kama sasa inabidi kuanza upya, maana pumzi imekatika na sheria ni sheria. Wote wakamgeukia shangazi.

Shangazi Mayasa hakuharakisha. Akanitazama mimi, si yule aliyeuliza.

"Pumzi ya Zaina haikukatika," akasema. "Imekatwa. Aendelee alipofika."

Yaya akainua mikro. Kabla hajaanza nikakumbuka. Nikamsogelea nikamuuliza kwa sauti ndogo: nirekodi? Akatikisa kichwa. Hapana. Nikaziweka chini zote, simu na kompyuta, nikarudi nyuma.

Akavuta pumzi. Spika ikaichukua, ikajaa uani, mpaka tumboni. Akanong'ona: Nyota, Sikujua, Tabu, la nne, la tano, la sita. Mnong'ono unakula pumzi kuliko sauti, unamwaga tu. Bahati. Mabega yalianza kutetemeka, shingo ikakaza pale kwenye kovu. Wanawake walikuwa wamefunga midomo kwa mikono, hakuna aliyemsaidia, hairuhusiwi. Mauwa, jina la mama yetu. Lilitoka nusu. La tisa, la kwake mwenyewe, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Hewa ilikuwa imekwisha.

Neema akalisema yeye, kutoka ndani ya kizingiti.

"Zaina."

Akavuka.

Shangazi hakusema kitu, kwa hiyo imekubalika. Vigelegele vimepasua masikio. Mimi nimejificha nyuma ya nyumba na spika yangu.

Jumapili, 29 Oktoba

Yaya amenipa mafuta ya mawese na kuku wa kumpelekea Mwajuma. Amenisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Nilitaka kumwomba msamaha tena, akaniwekea kidole mdomoni, sijui kama ni kwa sababu amenisamehe au amechoka kunisikia. Sikuuliza. Hilo nalo nalijutia sasa, njiani.

Jumatatu, 6 Novemba

Kasongo. Mvua tangu asubuhi. Batri robo.

Wachimbaji wamerudi, wanataka roboti tena. Nimewapa. Mbichi yao nimeiacha, hata kama hawajali. Disiki ilikataa, imejaa, nikafuta nyimbo zangu mwenyewe nne ili ipate mahali.

Ile ya redio bado inachezwa. Juzi niliisikia kwenye kibanda cha mkaa, mwenye kibanda anaipenda, anapiga meza kwa vidole. Sikumwambia kitu.

Lile faili la kelele nimeliweka mahali patatu, simu ya Neema, disiki, na kadi moja kwenye kopo. Mwajuma ameniuliza kama nitaitoa ile mvua. Hapana. Ameketi karibu nami, kwa mara ya kwanza tangu siku zile, tumesikiliza pamoja. Nimelifungua mara moja tu leo.

Mvua. Kiti. Pumzi. Kalunga, Feza, Mwavita.

Kisha mimi.